Bango Kabla ya Mechi ya Kumi

Darcy Orobets hushuka ngazi kwa upande, kama kaa, mguu wa kushoto mbele na wa kulia ukifuata kwa kuburuzwa. Ana miaka thelathini na minne. Wageni wanaopita Brennick na kumwona akishuka kwenye greda la theluji la halmashauri hudhani ni majeruhi wa vita au mlevi, na watu wa Brennick hawajisumbui kuwasahihisha. Ukikaa nao asubuhi kwenye mkahawa wa ushirika, watakuambia kwamba kijana yule alipewa kila kitu akakosa moyo tu. Huyasema hayo huku wakikoroga kahawa, kama watu wanaozungumzia bei ya ngano.

Haikuwa hivyo. Na ni haki ielezwe sawasawa, kwa sababu jina la Orobets limekuwa katika mji ule tangu babu wa babu yake alipobeba mawe ya msingi wa kanisa, na halijawahi kutajwa pamoja na uvivu.

Baba yake, Stan, alikuwa akitengeneza uwanja wa barafu nyuma ya nyumba kila Novemba. Alikanyaga theluji mpaka ikashikana, kisha akamwaga maji kwa mpira wa bustani, tabaka juu ya tabaka. Alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo akiwa juu ya trekta wakati wa mavuno, Darcy akiwa na miaka kumi na miwili. Novemba ile mama yake, Glenda, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa sekondari na mwalimu wa kemia wa karibu nusu ya mji, alitoka nje na koti lake la msibani akashika mpira wa maji mwenyewe. Alitumia maji ya moto, kwa kuwa alijua huganda laini zaidi. Barafu yake ilikuwa nzuri kuliko ya marehemu. Hakuna aliyethubutu kumwambia, naye hakuhitaji kuambiwa.

Darcy alikuwa beki wa mpira wa magongo wa barafuni. Alikuwa mrefu, mtulivu, na alikuwa na jicho la kuona kisahani cha mpira kitakapofika kabla yule anayekipiga hajaamua. Akiwa na miaka kumi na sita aliondoka nyumbani, kama vijana wa kule wanavyoondoka, akaenda kuchezea ligi ya vijana katika mji ulio mwendo wa nusu siku kwa basi, na kulala kwa familia ya watu wengine. Hivyo ndivyo inavyofanyika. Mama anamkabidhi mtoto wake kwa mwanamke asiyemjua, wanapeana mikono mlangoni, na kila mmoja anajifanya ni jambo la kawaida.

Mwanamke aliyempokea Darcy aliitwa Irma Thiessen, dereva wa basi la shule, mjane naye pia. Mlango wa stoo yake ya chakula ulikuwa umejaa mistari ya penseli, maana kila kijana aliyewahi kulala kwake alipimwa urefu pale, na jina lake likaandikwa kando. Darcy alipimwa siku aliyofika, na kila alipotoka likizo. Siku aliyokuja kuaga kwenda kambi ya wachezaji wa kulipwa, akiwa na miaka kumi na minane, Irma alimsimamisha tena mlangoni.

"Simama wima. Visigino vishike mbao."

"Mama Irma, mimi ni mtu mzima sasa."

"Mtu mzima gani? Tazama hapa." Alimwonyesha mstari wa masika na mstari mpya, na nafasi ya vidole viwili katikati. "Bado unakua wewe. Mifupa yako bado haijaamua inataka kuwa nini. Wanakukimbizia nini hawa?"

"Wamenichagua raundi ya kwanza."

"Sikuuliza wamekuchagua wapi."

Raundi ya kwanza, siku klabu za ligi kuu zinapochagua vijana wapya, kwa Brennick ilikuwa kitu ambacho hakijawahi kutokea. Klabu kubwa ya mashariki ilikuwa imetaja jina lake mbele ya televisheni, na katika ukumbi wa mji ikafanyika karamu ya perogi zilizojazwa viazi, soseji na kabichi iliyoviringishwa, na wazee ambao hawakuwahi kuongea na Glenda isipokuwa kuhusu alama za watoto wao walimkumbatia. Alivumilia.

Sheria za ligi kuu kila mtu mjini alizijua kwa moyo, isipokuwa kasisi, ambaye alikuwa amehamia karibuni. Vern Pasloski, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa halmashauri, ndiye aliyemfundisha, mkahawani, mbele ya watu.

"Mechi tisa ni za kuonja, Padre. Wakimchezesha tisa, wanaweza kumrudisha kwa watoto, kule ligi ya vijana, bila hasara yoyote. Akigusa barafu ya kumi, basi, mkataba umeanza kutembea. Ni mtu wao."

"Na hawawezi kumweka mahali pa katikati? Timu ya akiba, labda?"

"Kwa umri wake hairuhusiwi. Ama wanaume, ama watoto. Katikati hapana."

"Na kama hajawa tayari kwa wanaume?"

Vern akawatazama wenzake, wakacheka kabla hajasema. "Beki wa futi sita na inchi tatu hajawa tayari? Padre, wewe shughulika na misa."

Mechi ya kwanza ilikuwa Oktoba. Kuna desturi kwamba mchezaji mpya anapotoka kwenye njia ya vyumba vya kuvalia kuingia uwanjani, wenzake wanamsukuma atangulie, kisha wao wanabaki nyuma, wamesimama kimya. Anadhani wanamfuata. Anazunguka barafu peke yake, kichwa wazi, mbele ya maelfu ya watu, mpaka anageuka na kugundua hakuna mtu nyuma yake. Darcy alizunguka mara mbili kabla hajagundua. Akawaona wamejaa mlangoni wanamcheka, naye akacheka. Mpaka leo anakumbuka harufu ya barafu ile, na kwamba masikio yalikuwa ya baridi, na kwamba hakuna kitu kilichokuwa kikimuuma.

Alicheza vizuri. Hilo hata wa mkahawani hawalikatai. Kocha alimtumia mechi moja, akamweka nje mbili, akamtumia tena, kama mtu anayekula peremende zake kwa kubana. Kwa hiyo mpaka Novemba inaanza alikuwa amefika ya saba tu.

Katika hiyo ya saba alifuata kisahani kwenye kona. Nyuma yake alikuja mwanaume wa miaka thelathini na tatu, mwenye ndevu na watoto watatu, ambaye alikuwa akiwakumba watu ukutani tangu Darcy hajaanza shule. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Ndiyo kazi yake. Alimkumba kiunoni. Darcy alisikia ndani ya nyonga ya kulia kitu kama mlango uliotoka kwenye bawaba. Akasimama. Akamaliza mechi. Akacheza ya nane. Akacheza ya tisa.

Hakumwambia mtu. Kwao kuumia si siri, kusema ndiyo aibu. Mtoto wa miaka sita akilia uwanjani Brennick, makocha humwambia atikise mguu, na akina mama hutazama pembeni.

Aliyeona alikuwa Hjelm, Mswidi mzee wa timu, ambaye kiti chake katika chumba cha kuvalia kilikuwa kando ya cha Darcy.

"Dogo," alisema bila kuinua macho, akifunga utepe kwenye gongo lake. "Unavaa soksi kama bibi yangu."

"Niko sawa."

"Sijakuuliza kama uko sawa. Nimesema unavaa soksi kama bibi yangu, na bibi yangu amekufa." Akakata utepe kwa meno. "Kabla ya ya kumi nenda kwa daktari. Mwambie ukweli. Watakurudisha kwa watoto, utalia siku mbili, mama yako atakupikia, na utakuja tena ukiwa na mwili. Mimi nilikuja nikiwa na ishirini na tatu. Angalia, hata meno ninayo, nusu."

"Wakinirudisha watasema nimeshindwa."

"Kina nani?"

Hjelm hakujua Brennick, na haikuwa rahisi kumweleza mtu wa mji mkubwa kwamba huko watu mia nane wanaweza kuwa wengi kuliko elfu kumi na nane wa uwanjani.

Lakini usiku huo alishindwa kujigeuza kitandani, na asubuhi aliamua. Siku ya mazoezi kabla ya mechi ya kumi angekwenda kwa daktari wa klabu na kumwambia. Alimpigia Irma akamwambia yeye peke yake. Irma alisema, "Afadhali. Mstari wako uko mlangoni unakusubiri." Kisha akaongeza, "Nilikuona kwenye televisheni. Ukigeukia kulia unaruka kama sungura."

Jambo ambalo Darcy alikuja kulijua baadaye sana ni kwamba Irma, baada ya kukata simu, alimpigia Glenda.

"Mwalimu, mpigie meneja wao. Wewe ndiye mama yake. Mwambie mtoto ameumia, wamrudishe."

"Amekuambia ameumia?"

"Ameniambia."

Ilimchoma Glenda kwamba mtoto wake alikuwa amemwambia mwanamke mwingine. "Kama ni kweli, atawaambia mwenyewe," alisema. "Ana miaka kumi na minane. Sisi hatupigi simu kuomba mtoto wetu arudishwe, Bi Thiessen. Nikifanya hivyo, mpaka anazeeka ataitwa yule aliyeombewa na mama."

"Ataitwa hivyo akiwa anatembea vizuri."

"Nashukuru kwa simu yako."

Hakuwa mama mbaya. Mtu yeyote anayesema alikuwa mama mbaya hamjui. Alijua mji wake tu, na aliujua sawasawa.

Wiki ileile Vern alikuja mlangoni kwake akiwa na kofia mkononi. Halmashauri ilikuwa imepiga kura. Watasimamisha bango barabara kuu, pale mtu anapoingia mjini, nguzo mbili za mbao nzito na ubao mkubwa wenye rangi za klabu. Walitaka baraka zake.

"Si afadhali msubiri mechi ya kumi?" Glenda aliuliza.

"Mwalimu, tukisubiri watasema tulikuwa na shaka. Na ardhi inaanza kuganda. Tusipochimba sasa, ni mpaka Mei."

Hoja ya ardhi ilikuwa ya kweli. Mji wote ungeiona hivyo. Glenda alikwenda mji mkubwa akanunua koti jipya la buluu.

Asubuhi ya siku ya mazoezi Darcy alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha daktari. Alikuwa ameyapanga maneno. Nyonga ya kulia, tangu mechi ya saba, siwezi kugeuka. Maneno machache tu, na yote ya kweli. Ndani, daktari alikuwa akimhudumia mtu mwingine, sauti zao zikisikika. Simu ikatetemeka mfukoni.

Ilikuwa picha. Bango lilikuwa limesimama kwenye theluji ya kwanza, rangi bado ikimeta: BRENNICK, NYUMBANI KWA DARCY OROBETS. Chini yake walikuwa wamesimama watu kama arobaini, wengine wameinua magongo. Katikati alikuwa mama yake, koti la buluu, mkono mmoja juu ya nguzo, anacheka mpaka meno yanaonekana. Darcy hakuwa ameyaona meno ya mama yake tangu baba yake azikwe. Chini ya picha Vern alikuwa ameandika: Sasa kijana ukirudi tutakuficha wapi?

Ulikuwa utani. Vern aliuandika kwa mapenzi, na hata leo angeshangaa kuambiwa kilichofuata.

Mlango ukafunguliwa. "Orobets," daktari alisema. "Kuna tatizo?"

Darcy aliitazama picha, kisha akageuza simu juu ya paja lake. "Nilitaka plasta," alisema. "Kidole kimechubuka."

Daktari akampa plasta. Alikaa nayo mkononi, akarudi chumbani akitembea wima kwa nguvu zake zote, akaibandika kwenye kidole kizima. Hjelm alikitazama kidole, akamtazama usoni, akarudia kufunga utepe wake. Kesho yake, kabla ya mechi ya kumi, kocha alipita kwenye benchi na kumwinamia. "Mabeki wangu wawili wako kitandani. Unaweza?"

"Niko sawa."

Kipindi cha pili aligeukia kulia kukifuata kisahani. Hakuna aliyemgusa. Aliyewahi kuiona filamu ya mechi ile anajua kwamba hakuna mtu karibu naye. Mguu ulibaki ulikokuwa na mwili ukageuka, akaanguka, akateleza kwa ubavu mpaka ukutani, na watu wa karibu walidhani amejikwaa. Wengine walicheka. Huko Brennick walikuwa wamejaa ukumbini mbele ya televisheni kubwa, na walipiga makofi ili kumtia moyo ainuke.

Klabu ilitangaza kwamba mchezaji ana maumivu ya sehemu ya chini ya mwili. Ndivyo wanavyotangaza siku zote, chini au juu, kama mwenye bucha anayekuonyesha ubavu wa ng'ombe bila kukuambia bei. Mama yake aliisikia sentensi hiyo redioni, jikoni, kama mtu mwingine yeyote.

Yaliyobaki ni mafupi, ingawa yalichukua miaka sita. Walimrudisha uwanjani Februari kwa sindano, kwa kuwa timu ilikuwa ikikimbizana na nafasi ya mwisho na mkataba ulikuwa umeshaanza kutembea. Alicheza mechi chache, akaziangalia nyingi zaidi kutoka ghorofani, ambako wasiopangwa hukaa na suti zao wakila bisi. Mwaka uliofuata wakamrudisha kwa watoto hata hivyo. Irma alimpima mlangoni. Mstari ulikuwa haujasogea, na bega la kulia lilikuwa chini ya la kushoto, hakuandika kitu, alisema tu, "Kaa ule." Ukafuata upasuaji, timu ndogo ya kusini inayosafiri kwa mabasi, upasuaji mwingine, msimu mmoja Denmaki ambako walimpenda, na daktari mmoja huko aliyemwonyesha picha ya nyonga yake na kumwuliza kama alikuwa na miaka sitini.

"Ungelazwa na kupumzishwa mwanzoni kabisa," yule daktari alisema, "ungekuwa unacheza. Nani alikuruhusu?"

Darcy alisema hakumbuki.

Alirudi nyumbani na gari lake dogo la mizigo, mchana, na njia ya kuingia Brennick ni moja. Alipita chini ya jina lake. Halmashauri ilimpa kazi ya greda, kwa huruma ambayo Vern hakuacha kuitaja, na kwa miaka kumi alisafisha theluji kandokando ya nguzo zile mbili. Wakati mwingine koleo la greda lilirusha theluji nyingi kuliko ilivyohitajika, na bango likafunikwa nusu. Hakuna aliyelalamika. Ndani ya mkahawa ile habari ilikuwa imeshapikwa ikaiva: alikuwa na kipaji, alikosa moyo. Glenda alipoingia walinyamaza. Alinunua maziwa yake, akawaangalia mmoja mmoja kama wakati wa mtihani, akatoka. Lakini mtu hawezi kuwa mkahawani saa zote.

Msimu uliopita Vern, ambaye sasa anatembea na fimbo, alimfuata Darcy kwenye karakana ya halmashauri. Kijana mwingine wa mji, Tanner Mierau, beki naye, kumi na minane naye, alikuwa amechaguliwa kiangazi na alikuwa akichezeshwa mashariki.

"Lako limepauka, Darcy. Usichukie. Litoe, uweke hili." Ubao mpya ulikuwa umeegemezwa ukutani, unanuka rangi.

"Ameshacheza ngapi?"

"Nane. Kesho tisa."

"Basi subirini."

"Tukisubiri watasema tulikuwa na shaka." Vern aliyasema kama maneno mapya kabisa. "Na ardhi hiyo inaganda. Lakini nguzo zipo, namshukuru Mungu. Ni kufungua skrubu nne tu. Hata wewe huwezi kushindwa."

"Hata mimi," Darcy alisema.

Alikwenda asubuhi. Alikuwa amefungua skrubu mbili wakati gari la mama yake liliposimama kando ya barabara. Glenda ana miaka sabini na moja, na anavaa lile koti la buluu mpaka sasa, kwa kuwa ni koti zuri na hatupi vitu. Alisimama kwenye theluji akitazama juu.

"Usilipeleke jaani," alisema. "Jina letu si takataka. Lilete nyumbani."

"Nitalileta, Mama."

"Nimewaambia wangeweza kukuuliza kwanza. Nimewaambia kwa ustaarabu."

Darcy alishuka ngazi, kwa upande, polepole. Alipofika chini alivua glavu. Hakuwa amepanga kusema. Labda ni koti.

"Siku mliyopiga ile picha nilikuwa nje ya mlango wa daktari."

"Daktari gani?"

"Wa klabu. Nilikuwa nimekwenda kumwambia wanirudishe. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, Mama. Picha ikaingia. Ulikuwa unacheka."

Lori la nafaka likapita, likawarushia theluji miguuni. Glenda hakusogea. Alikuwa mwanamke aliyejibu kila swali alilowahi kuulizwa maishani, na Darcy alimwona akitafuta jibu kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

"Koti hili nililinunua kwa ajili ya ile picha," alisema mwishowe.

"Najua."

"Yule mwanamke wa basi alinipigia. Irma. Nikamwambia sisi hatuombi."

Darcy alitikisa kichwa. Hilo lilikuwa jipya kwake. Alisimama akaliacha lizame, na lilizama mbali. Hakumlaumu kwa sauti. Hakumsamehe kwa sauti pia. Kwa watu wao, vyote viwili vingekuwa maneno mengi.

"Una msumeno kwenye gari?" Glenda aliuliza.

"Upo."

"Basi skrubu za nini?"

Alikata nguzo zote mbili usawa wa ardhi, kwa msumeno wa mota, vumbi la mbao likianguka juu ya theluji kama unga. Mama yake alisimama pale mpaka ya pili ikaanguka. Visiki vilibaki vimeshikwa na udongo uliokwishakuwa mgumu kama saruji, na mtu yeyote wa Brennick alijua maana yake: hakuna bango mpaka Mei. Mashine ya kutoboa ardhi iliyoganda halmashauri inayo, lakini fundi wake ni Darcy, na siku ile ilikuwa mbovu, na ikaendelea kuwa mbovu.

Mkahawani palichafuka. Wivu, walisema. Ameshindwa yeye, sasa hataki mwingine apite. Glenda aliingia wakati huo, na safari hii hawakupata muda wa kunyamaza.

"Nguzo nimeamuru mimi zikatwe," alisema. "Mwenye neno aniambie mimi."

"Mwalimu, lakini yule kijana anastahili…"

"Vern, ulipata nne kwenye kemia. Kaa chini."

Akaketi. Ila neno wivu lilikuwa limeshatoka nje ya mlango, na ndilo lililobaki. Mwanamke alikuwa amelinda jina la nyumba yake kwa miaka mingi kwa kunyamaza vizuri. Siku aliyofanya jambo la maana, ndiyo siku walipopata la kusema.

Wala haikusaidia kitu. Ubao mpya waliufunga kwa waya kwenye ukuta wa uwanja wa barafu jioni ileile, wakakusanyika, wakapiga picha, wakaituma.

Siku mbili baadaye Tracy Mierau, mama wa kijana, alikuja karakanani. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, uso mwekundu wa baridi na hasira.

"Sikutegemea wewe," alisema. "Wewe, ambaye unajua ilivyo. Umemharibia mwanangu sherehe yake. Kesho ni ya kumi, unajua? Wamembakisha."

"Nimesikia."

"Huna hata hongera?"

Darcy alikuwa chini ya greda, amelala juu ya kipande cha boksi. Ilimchukua muda kutoka. Tracy alitazama jinsi alivyojivuta kwa mikono, akakusanya mguu, akausimamisha, kisha akajisimamisha juu yake, na akalazimika kuangalia kalenda ukutani.

"Ya tisa niliitazama," Darcy alisema. "Kipindi cha tatu alikuwa anageukia kushoto kila mara. Hata pale kisahani kilipokuwa kulia. Umemwuliza nyonga yake ikoje?"

Tracy alizungusha funguo kidoleni. Nje, mtu alikuwa akipita na redio imefunguliwa.

"Nilimwuliza jana," alisema. "Anasema yuko sawa."